Kona ya Mlango wa Nyuma

Wageni wa hoteli humuuliza mama yangu kwa nini anasugua sakafu ya mawe kando ya bwawa la kuogelea kila siku iendayo kwa Mungu. Msimamizi naye keshamwambia mara chungu nzima: fagia kila asubuhi, piga brashi na sabuni mara moja kwa wiki, mvua zikizidi ongeza kidogo, basi. Na wala hakosei. Hata kwa joto letu hili la unyevu, ambamo shuka inalala kwenye kamba na kuamka mbichi, brashi ya kila wiki inatosha kuzuia ukungu. Mama huitikia, "Sawa, bosi," kisha huyashambulia yale mawe kana kwamba yamemtukania wazazi.

Mama hana mkono mwepesi. Sisi wanawe tumevila vibao vyake, na mpishi aliyewahi kupita na viatu vya matope alionja mpini wa brashi mgongoni. Lakini nyumbani, baba alipoanza, mikono hiyo hiyo ilijikunja kifuani. Baba alikuwa mfunga nondo, vile vyuma vya ujenzi. Alimpiga mama kwa ngumi, kwa mkanda, na siku moja kwa kiti mpaka kikabaki na miguu miwili. Namchukia hadi leo, na asije mtu akaniambia nimsamehe.

Kisha akaanza kumfuata kazini. Aliingilia mlango wa nyuma, penye chumba cha pampu, ambapo wageni hawaoni. Akishampiga, aliondoka akipiga mluzi. Mama alimweleza mlinzi.

"Dada yangu, hayo ni ya mtu na mkewe," mlinzi akasema. "Mimi msinitie humo."

Ndipo mama alipoacha kusugua kona ile. Kwingine kote brashi ilipita kama kawaida, ila pale mlangoni hakugusa. Pampu ilikuwa inavuja na mvua zilishaanza, kwa hiyo haikuchukua muda. Mawe yakageuka kijani, halafu yakateleza kama bamia. Mama akawa anayatazama na kuyaacha. Alitaka baba avunjike, iwe shingo, iwe kiuno, popote.

Asubuhi moja baba aliamka amevimba kwa hasira. Akavuta kipande cha nondo chini ya kitanda, akasema leo anammaliza. Nilikuwa msichana mkubwa, nilijua hatanii. Alipokuwa bado anahangaika kuvaa mabuti yake ya mpira, mimi nilishatoka mbio peku kwenye mvua ili nimuwahi mama hotelini, nikaingilia mlango ule ule wa nyuma.

"Mama, kimbia! Baba anakuja!"

Nilimwona akigeuka, akaona nilipo.

"Usipite hapo! Simama!"

Nilishangaa kwa nini anapiga kelele kunizidi. Mara mawe yakanitoka chini ya miguu. Nyonga ililia kwa sauti, niliisikia kabla ya maumivu, na kichwa kikagonga ukingo wa bwawa. Damu yangu ikachuruzika hadi majini.

Baba akaingia nyuma yangu. Mabuti yake yaliukanyaga ule ukungu kama zulia. Akaniruka, nondo ikiwa juu. Safari hii mama hakujikunja. Alimtandika mpini wa brashi usoni, nondo ikaanguka, akamtandika tena. Mpini ulipovunjika aliendelea na kipande kilichobaki, mpaka baba akapiga magoti, meno yake yametapakaa chini, akilia, "Basi, mke wangu, basi!" Mlinzi na mpishi ndio waliomshika mama. Baba alitoka akitambaa na hajarudi tena, wala hatujamtafuta.

Hospitalini mama alikaa kando ya kitanda changu, machozi na kamasi vikimchuruzika.

"Ile kona niliiacha makusudi," akasema. "Ilikuwa ya baba yako. Haikuwa yako, mwanangu."

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, naye akayapokea yote.

Siku hizi nafanya kazi hotelini humo humo, nakunja taulo, na mguu mmoja naukokota. Hasira zimepungua, hazijaisha. Nikifika asubuhi napitia mlango wa nyuma, maana ndio ulio karibu na chumba cha kufulia. Mama huwa keshasugua. Hunisimamisha kizingitini, akavua kandambili, akapita yeye kwanza peku hadi penye pampu na kurudi, akikanyaga kila jiwe.

"Haya," husema, "pita, mwanangu."