Mwenye Mwavuli Kwenye Maji

"Juu umemtoa, chini umemuacha! Kazi gani hiyo?"

Kokugonza aliibwaga kadi juu ya meza, karibu imchome Luhaga pua. Ilikuwa kadi ya harusi yake mwenyewe, ya mfano, kabla hazijachapwa nyingi za kugawa. Akaigonga kwa ukucha.

"Tazama. Mimi huyu, gauni jeupe, nimesimama kwenye mawe na mchumba wangu, wawili tu. Haya, shuka kwenye maji. Huyu mwenye mwavuli ni nani? Au mimi nikifika ziwani nageuka mtu mwingine?"

"Dada Koku, huo ni mwanga tu wa..."

"Mwanga unashika mwavuli?"

Antoni, dereva wa bodaboda aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni akimsubiri Luhaga waende kazini Kisesa, alicheka mpaka akapaliwa na karanga. "Luhaga wa Maji! Leo yamekufika shingoni!"

"Wewe kula karanga zako," Luhaga akamwambia.

Hilo jina la Luhaga wa Maji alilipata kwa jasho lake. Shule aliiacha kidato cha pili, na si kwamba alikuwa mjinga, ila makalio yake hayakujua kukaa. Akaanika dagaa, akachoka. Akauza chaja za simu stendi, akachoka. Akaingia ukonda, akagombana na dereva. Mwisho akajifunza kuediti picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na hapo ndipo alipotulia, mpaka akapata kompyuta na kichumba hapa Kirumba, kati ya duka la nyavu na mama anayekaanga sangara. Watu walimletea picha walizopigiwa uani, kamba ya nguo nyuma yao, naye akawasimamisha ufukweni, mawe ya Mwanza huku, ziwa kule, na vivuli vyao vimelala kwenye maji. Siri yake ilikuwa fupi. Unamkata mtu, unamnakili, unampindua kichwa chini, unamfifisha, unamtia viwimbi, umemaliza. Kuna mzee wa Magu alimwekea na ng'ombe zake zote, zimepinduliwa miguu juu ndani ya ziwa. Mzee akafurahi, akasema sasa zinaonekana mara mbili.

Kazi ya Kokugonza ilikuja tofauti. Huyu dada alikuwa anauza dawa kwenye famasi huko Ilemela, mtu wa Kagera, msomi, hataki mambo nusu nusu. Mchumba wake Ngosha ni mfanyabiashara wa dagaa, leo Nansio, kesho Mwanza, na kila akiambiwa twende tukapige picha ya kadi, anasema wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Basi Koku akachukua picha kwenye simu ya Ngosha. Ngosha amesimama kwenye mawe ya ufukweni Nansio asubuhi, ziwa limetulia kama chai iliyopoa, na pembeni yake kuna mtu amejifunika mwavuli. "Ni abiria tu, alikuwa anasubiri meli," Ngosha alimwambia. Koku akaileta kwa Luhaga: mtoe abiria, niweke mimi.

Luhaga akamtoa abiria, akamweka Koku. Maji hakuyagusa. Aliona ziwa tayari limo kwenye picha, la nini kuhangaika? Na kusema kweli, siku ile kichwa chake hakikuwa kwenye kompyuta. Kilikuwa kwa Rebeka.

Rebeka alikuwa mchumba wake, angalau yeye Luhaga alikuwa anamwita hivyo. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, alikuwa anauza vitenge, kila wiki anavuka ziwa kwenda Nansio kuvitembeza. Na Luhaga alikuwa na wivu, wivu ule wa kumpigia mtu simu na kumuuliza, "Hiyo sauti ya kiume nyuma yako ni ya nani?" na kuambiwa ni redio, na kusema, "Basi izime nisikie." Akasuka nywele, anajipamba kwa ajili ya nani? Akanyamaza, anamuwaza nani? Siku ile anaediti kadi ya Koku, sikio moja lilikuwa kwenye simu, anamhoji Rebeka kuhusu dereva wa toroli aliyemwita "mrembo" bandarini.

Ndiyo maana alimtafutia msindikizaji. Alimchagua kwa makini, kama anayechagua mwanasesere wa kumpa mtoto, asiwe na kitu cha kuuma. Alimchagua Ngosha, waliyejuana tangu siku za kuanika dagaa. Mtu ana mchumba, ana kadi zinaandaliwa, anamwita Rebeka "shemeji". Ungepata wapi mwingine salama kama huyo?

"Ngoja nifungue picha yenyewe," Luhaga alimwambia Koku sasa, "ile uliyoniletea. Tuone kosa limeanzia wapi."

"Kosa limeanzia kwako. Fungua."

Akaifungua. Picha ilipigwa na mtu aliyekuwa juu ya mwamba, anawatazama kutoka juu. Ngosha yule, mrefu kama mlingoti wa simu, anaangalia pembeni. Abiria yule, mwavuli wa bluu umeinamishwa mbele kuzuia jua, umemfunika kuanzia kichwani mpaka kiunoni, chini yake kitenge cha maua ambacho kila mwanamke wa Mwanza anacho. Mkono mmoja wa Ngosha unapotelea nyuma ya mwavuli. Ungesema kautia mfukoni.

"Shuka kwenye maji," Koku akasema. "Vuta karibu. Na uipindue, siwezi kumtazama mtu kichwa chini kama popo."

Luhaga akaipindua, akavuta.

Hapo ndipo akaona kitu ambacho katika kazi yake yote hakuwahi kukijua. Yeye alikuwa anapindua kile cha juu anakishusha chini, akaamini ndivyo ziwa linavyofanya. Kumbe ziwa halirudii kile alichoona mpiga picha. Ziwa linatazama kutokea chini. Mpiga picha aliona mgongo wa mwavuli. Maji yaliona ndani ya mwavuli.

Na ndani ya mwavuli kulikuwa na mwanamke anacheka, kidevu juu, anamwangalia Ngosha. Mkono uliopotea wa Ngosha haukuwa mfukoni. Ulikuwa umemzunguka shingo.

"Abiria!" Koku akasema polepole. "Abiria gani anakumbatiwa akisubiri meli?"

Luhaga akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa anauangalia mwanya. Viwimbi viliupindisha kidogo, lakini mwanya ule angeujua hata kwenye ndoo ya maji machafu.

Antoni akaacha kutafuna. Akainuka, akachungulia juu ya bega la Luhaga. Antoni ndiye anayembeba Rebeka na mabegi yake kila akishuka melini. Kicheko kikamkauka usoni. Akarudi kwenye benchi, akaanza kuhesabu maganda ya karanga.

"Unamjua?" Koku akauliza.

"Simjui."

"Mbona umejibu kabla sijamaliza?"

"Simjui, dada. Mji huu mkubwa."

"Na mwenzio huyu anayehesabu maganda, naye hamjui?" Akamgeukia Antoni. "We kaka, ni nani?"

"Mimi ni mtu wa pikipiki, dada yangu," Antoni akasema. "Mambo ya maji muulize fundi wa maji."

Koku akarudisha macho kwa Luhaga, akayaacha hapo. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma maandishi ya daktari kila siku.

"Ngosha anamwita shemeji," Luhaga akasema mwishowe.

"Shemeji? Kwa nani?"

Luhaga akatazama kibodi.

"Waitu!" Koku akaguta kwa Kihaya, akavuta kiti cha wateja wa picha za pasipoti, akakaa. Hasira zikamtoka kidogo, kama anayekuta mwenzake kwenye foleni. "Wako alikwambia siku hiyo yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake. Wako?"

"Anapakia dagaa."

"Kweli alikuwa anapakia," Antoni akasema toka mlangoni, kisha akaona bora arudi kwenye maganda.

"Na wewe ulimwacha asafiri na Ngosha?"

"Nilimkabidhi mwenyewe. Nilimwambia Ngosha, mwanangu, mwangalie huyu, watu wa bandarini wabaya."

"Basi amemwangalia." Koku alicheka bila furaha. "Mimi nilikuwa najisifu famasi nzima. Nasema wangu hana wanawake, wangu ana dagaa tu. Kila akitajwa mwanamke nakuwa mkali kama pilipili, huyu wa mwavuli ndiye pekee sikumwonea wivu. Nilimwonea huruma, anasubiri meli juani!"

Luhaga akasogeza kiti karibu na meza. Alikuwa ameona njia, au alitaka iwepo. "Dada, sikiliza. Hii naweza kuifuta. Namtoa kwenye maji, nakuweka wewe, naurekebisha na mkono wa Ngosha. Hakuna atakayejua. Ukoo wenu hautajua, watu wa kamati hawatajua."

"Wewe utajua?"

Luhaga akaanza kuondoa vumbi kwenye kibodi.

"Unataka umfute kwa ajili yangu au kwa ajili yako?" Koku akasimama, akaweka mkoba begani. "Nitoe mimi. Rudisha mwavuli kama ulivyokuwa, unitolee nakala kubwa, juu na chini zionekane vizuri."

"Na kadi?"

"Kadi utaziona kwa wengine. Wajomba zangu wako Bukoba bado, heri niwazuie sasa kuliko wafike na ngoma zao." Kwenye neno ngoma akakohoa. "Anashuka na meli ya leo. Nitamwekea picha mkononi. Sitasema neno. Aseme yeye."

Printa ikatoa picha taratibu, kwanza mbingu, kisha Ngosha, kisha mwavuli, mwisho maji. Koku akaichukua bado ina joto, akaipepea, akatoka bila kuaga.

Luhaga akabaki na kioo cha kompyuta. Mtu mwingine angezima kompyuta. Yeye hakuweza. Alivuta karibu, akarudisha, akavuta tena. Aliangalia vidole vya Ngosha kwenye shingo ya Rebeka mpaka akajua kucha ipi imekatwa vibaya. Mbona kwangu hacheki hivi? Mimi nikisema kitu ananiambia, "Luhaga, we nawe!" na kugeuka. Huyu wa dagaa kamwambia nini cha maana asubuhi yote ile?

Akamkata Ngosha. Alimkata kwa raha, nywele kwa nywele, akamtupa. Mahali pake akajiweka yeye, picha aliyopiga Krismasi, shati jeupe. Juu akakaa vizuri. Akashuka kwenye maji na hapo akakwama. Picha yake ilipigwa usawa wa macho. Akijipindua, anaonekana kabandikwa, kama stempu. Ziwa linataka kumwona kutoka chini.

"Antoni! Njoo. Chukua simu, lala sakafuni unipige."

"Nilale?"

"Lala, unipige kutokea miguuni."

"Kaka, mteja akiingia saa hii ataona tunafanya nini?"

"Lala, Antoni."

Antoni akalala kwenye vumbi la sementi, akapiga, akalalamika kwamba anaona matundu ya pua tu. Luhaga akaichukua hivyo hivyo na matundu yake. Akaipindua, akaitia giza, kwa sababu sasa aliona kivuli cha kwenye maji siku zote ni kizito kuliko mtu mwenyewe. Akaipa ule ukijani wa ziwa. Akaivunja vunja pale mawe yanapogusana na maji, akaviacha viwimbi viwe vikubwa kwa mbele na vidogo kwa nyuma. Akauzungusha mkono wake kwenye shingo ya Rebeka.

Yalikuwa maji mazuri. Hakuwahi kuyafanya mazuri hivyo kwa mtu yeyote, hata kwa fedha nzuri.

Lakini Rebeka alikuwa hamtazami. Kidevu juu, mwanya nje, macho yake yalipita juu ya kichwa cha Luhaga, pale kichwa cha Ngosha kilipokuwa. Luhaga akajirefusha kidogo. Macho yakapita. Akajirefusha tena, shingo ikawa ya twiga, shati likawa kanzu, na bado yule mwanamke alikuwa anacheka na mtu aliyeko juu zaidi.

"Ukiendelea utagusa mawingu," Antoni akasema nyuma yake, kwa upole.

Simu ikaita. Rebeka.

"Luhaga, meli imefika. Njoo unipokee, nina mabegi mawili, jua linachoma."

"Mwavuli si unao?"

"Ninao. Kwani vipi?"

"Wa bluu?"

Kwenye simu zikasikika kelele za bandari, watu wanaitana, matoroli yanagongana. Luhaga alizitega zote. Hakusikia redio.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Na Ngosha, si wewe mwenyewe ulisema nisisafiri peke yangu? Ila ameshuka mbele, kuna dada amemsimamisha pale getini na likaratasi. Luhaga, una nini leo? Unakuja huji?"

Miguu yake ilishasimama yenyewe. Ilitaka kwenda. Ilitaka kuona uso wa Ngosha, na kuona kama Rebeka atamtazama Ngosha hata pale, mbele ya watu, na kidevu juu. Angeangalia mpaka mwisho, na usiku asingelala, na kesho angeomba aoneshwe simu, na keshokutwa angesamehe na kuanza upya kuuliza sauti ya nani.

"Siji," akasema. "Nina kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi. Chukua toroli."

Akakata. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuhifadhi picha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akaizima kwenye swichi ya ukutani. Akachukua begi la kamera na kile kitambaa cheupe cha kutundika nyuma ya wateja.

Antoni alikuwa ameshawasha pikipiki, na pua yake ameielekeza bandarini, kwa mazoea.

"Geuza," Luhaga akamwambia. "Kuna kikundi cha akina mama Kisesa wanataka picha za vitambulisho, wameshakaa kwenye mkeka tangu asubuhi."

"Na huku?"

"Geuza, Antoni, watatuona waongo."

Akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akapanda nyuma.