Mkonga Uliopinda Kulia

Katika Élisabethville ya ujana wangu kulikuwa na neno moja ambalo mtoto wa cité, yaani mtaa wa weusi, alilijua kabla hajamaliza kujifunza Baba Yetu: bariere. Bariere yenyewe ilikuwa mti uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, umelazwa katikati ya barabara, na polisi amesimama kando yake. Lakini sisi tulilitumia neno hilo kwa mambo yote. Mtu aliyekosa kazi alikuwa amekuta bariere. Kijana aliyekataliwa na wakwe alikuwa amekuta bariere. Hata padri alipotufundisha dhambi, alisema ni bariere kati yetu na mbingu, nasi tukaelewa bila shida: huko juu pia kuna polisi, na atatuuliza buku, yaani kile kitabu cha utambulisho ambacho mtu mweusi hakuweza kuvuka barabara bila kuwa nacho.

Wakati huo niliuza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja, nyuma ya soko. Alikuwa amefika Katanga kwa njia ya Kigoma, akiwa na Kiswahili cha pwani, Kiswahili kisafi kama shati la Jumapili, ambacho hapa kwetu hakikuwa na kazi sana. Yeye alisema "kizuizi", sisi tulisema "bariere". Yeye alisema "kuondoa", sisi tulisema "kutosha". Yeye alisema "ndiye", sisi tulisema "njo". Katika mita na rangi tulielewana kabisa. Katika mambo mengine tulibahatisha, na kwa kawaida haikuleta hasara.

Mama yangu alikuwa amekuja mjini kutoka Lukafu kwa sababu ya macho. La kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilikuwa likifunikwa na utando mweupe, na daktari wa hospitali ya weusi alisema utando huo unaweza kutolewa, ila zamu yake haijafika, asubiri. Ruhusa yake ya kukaa mjini haikujua habari za zamu. Ingekwisha kwanza.

Nilikwenda biro, ofisi ya serikali ya ruhusa, kuomba iongezwe. Karani, mtu mweusi kama mimi lakini mwenye tai, alinieleza kwa upole kwamba ombi la kuongeza muda hupokelewa kutoka mahali ambapo mwombaji anaishi kihalali. Mama anaishi kihalali Lukafu. Kwa hiyo arudi Lukafu akaombe kubaki Élisabethville.

"Umesikia vile unasema?" nikamuuliza.

"Ndugu yangu, mimi sikuandikwa kazi ya kusikia."

Jambo lilikuwa wazi. Mama akirudi Lukafu, zamu inampita, na utando unamaliza kazi yake. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu tangu usichana. Jirani mmoja alimfariji kwamba mfinyanzi hufanya kazi kwa vidole, macho si lazima. Mama akamjibu kwamba hata kula tunakula kwa vidole, ila mtu anapenda kuona kilichomo katika sahani.

Basi, mwisho wa kiangazi, wakati upepo unapoleta majivu ya moto wa porini na kuyaanika juu ya nguo zilizofuliwa, patron, yaani yule Mhindi bosi wangu, aliniambia anataka udongo mzuri. Nikauliza kama anajenga.

"Hapana. Natengeneza Mungu."

Kila mwaka kabla ya mvua walikuwa na sikukuu ya mungu mwenye kichwa cha tembo. Mungu huyo hufinyangwa kwa udongo, huwekwa nyumbani kama mgeni, huimbiwa na kulishwa vitu vitamu vya nazi na sukari, kisha husindikizwa hadi mtoni na kuachwa majini arudi udongo. Mke wa patron ndiye aliyekuwa akimfinyanga, lakini mwaka huo mkono wake ulikuwa umeungua jikoni. Patron alijaribu mwenyewe. Alichokipata kilikuwa nguruwe, tena nguruwe mgonjwa. Nikasema mama yangu ni mfinyanzi. Patron akasita kidogo, kwa sababu ya dini, kisha mkewe akasema kutoka jikoni kwamba kwao pia miungu hutengenezwa na wafinyanzi, si na wauza vitambaa.

Tulichukua udongo wa kichuguu kule Kasungami, ule mwekundu wa kufyatulia matofali. Mama akakaa uani nyuma ya duka, akauponda, akaukanda, akatoa mawe kwa ncha za vidole. Patron alikaa juu ya sanduku tupu akieleza.

"Na huyu, kazi yake nini?" mama akauliza.

"Huondoa vizuizi, Mama. Kila jambo huanza na yeye. Hata ukitaka kumwomba mungu mwingine, lazima upite kwake kwanza."

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema, huyu njo mwenye kutosha bariere."

Patron alisikia "kutosha" kwa Kiswahili cha kwao, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ni kweli," akasema. "Zinatosha. Zimezidi."

Wote wawili wakakubaliana kabisa, na mimi sikuona faida ya kuwavuruga.

"Na nani anawekaka zile bariere?" mama akaendelea.

Patron hakuficha. Alikuwa mtu mkweli kila alipokuwa hashiki mita. "Ni yeye huyo huyo," akasema. "Asiyemheshimu huwekewa. Anayemheshimu huondolewa."

Mama akacheka mpaka akaweka udongo chini. "Basi namujua. Nilimuona kwa biro."

Mimi nimesoma habari za dini nyingi tangu siku ile, kwa utaratibu, kila nilipopata kitabu, na sijaona bado maelezo yanayoishinda hiyo sentensi. Mungu wa vizuizi ndiye anayeviweka na ndiye anayeviondoa. Kama angekuwa anaviondoa tu, baada ya muda mfupi angekosa kazi. Serikali ilikuwa imeligundua jambo hilo bila kusaidiwa na Wahindi.

Patron alieleza pia juu ya panya anayewekwa miguuni pa mungu. Ndiye kipando chake.

"Tembo juu ya panya," mama akasema, akimfinyanga panya. "Ile haina fumbo. Panya njo sisi."

Lilibaki jambo la mkonga. Patron alisisitiza upinde kushoto. Mama akaupinda kushoto. Lakini alikuwa ameketi akiangaliana na sanamu, na kushoto kwake kulikuwa kulia kwa mungu. Na kwa jicho lile lililobaki hakuwa na njia ya kurudi nyuma akaitazama kazi nzima. Jua la kiangazi halingoji. Patron alipokuja kuangalia, udongo ulikuwa umekwisha kukauka.

Akamwita mkewe. Wakaongea kwa lugha yao muda mrefu, kwa sauti za watu waliokuta nyoka chini ya kitanda. Kisha patron akaniita pembeni.

"Wa mkonga wa kushoto ni mpole, wa nyumbani. Huyu wa kulia ni mkali. Huyu anataka kila kitu kwa sheria, hasamehi kosa."

Nikamwambia asiogope, mungu wa namna hiyo, Élisabethville, atajiona yuko kwao.

Walimpokea hivyo hivyo, kwa hofu, wakichunga kila sheria. Mama alikwenda kuimba nao bila kujua wimbo. Alipoambiwa kwamba mgeni huyo hakai sana, kwamba baada ya siku chache atasindikizwa nje ya mji, aliacha kuimba.

"Yee pia iko na permi," akasema, yaani ruhusa yenye mwisho kama yake.

Siku ya kumsindikiza, ruhusa ya mama ilikuwa imekwisha tangu jana yake. Nilimwomba abaki nyumbani na mke wangu, asionekane barabarani. Akakataa. Alisema amemufanya, atamusindikiza. Na kama mungu mwenyewe anafukuzwa mjini, yeye haoni haya kufukuzwa pamoja naye. Tukatoka mchana: patron amebeba mungu juu ya sinia, mkewe na maua na kengele ndogo, mimi nimemshika mama mkono. Kwenye barabara ya mtoni kulikuwa na bariere.

Polisi alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, Mkatoliki mwenye medali shingoni. Patron aliruhusiwa kupita bila kuulizwa. Kisha polisi akaona sinia.

"Huyu iko nani?"

"Mungu wetu," patron akasema.

"Wa kazi gani?"

"Huondoa vizuizi."

Polisi akanitazama mimi. "Vizuizi njo nini?"

Hapo ndipo Kiswahili cha Katanga kilipotufikisha. Nilijibu kama nilivyomjibu mama, bila kufikiri, kwa neno pekee tulilokuwa nalo.

"Anatosha bariere."

Polisi akageuka, akautazama mti wake wa rangi mbili. Akarudi kumtazama mungu. Alikuwa ameagizwa kuangalia dini zilizokatazwa, zile zinazowaambia watu kwamba mzungu ataondoka, na hapa dini moja imemletea habari hizo hadi kituoni, ikiwa na kengele.

"Hii bariere?"

"Si hii, Papa," nikasema. "Bariere zote."

Nilidhani ninapunguza ukali wa jambo.

"Basi, twende wote," akasema. "Na wewe mama, buku?"

Kwa hiyo mwondoa vizuizi alizuiwa kwenye kizuizi. Nilimwonea huruma patron, maana alishika sinia barabara nzima ya kurudi, watu wa soko wakituuliza tembo ameiba nini.

Biro walimweka mungu juu ya meza ya yule mzungu mwenye kusimamia ruhusa. Karani wa tai alisimama nyuma. Polisi akatoa maelezo yake yote, bila kusahau kengele. Mzungu alitazama mkonga, tumbo, panya. Alisema Kiswahili cha amri, kile kisicho na maneno ya katikati.

"Nani natengeneza hii?"

"Mimi," mama akasema.

"Buku."

Akasoma ruhusa. Akamuuliza karani kwa Kifaransa kwa nini mwanamke huyu yuko mjini na muda umekwisha. Karani, akijua kwamba nasikia Kifaransa, hakuweza kusema uongo: kijana wake alikuja kuomba, akaambiwa arudi kijijini.

"Kuomba nini?"

"Kubaki, Bwana. Kwa ajili ya hospitali."

"Alikuja kabla ya muda kwisha?"

"Kabla."

Mzungu aliisoma tena ruhusa, na mimi niliweza kuifuata hesabu yake hatua kwa hatua kama vile anahesabu kwa sauti. Akiandika ripoti kwamba kuna mungu mwenye kutishia bariere, wakubwa watauliza ametoka wapi. Ametoka kwa mwanamke asiye na ruhusa. Kwa nini hana ruhusa? Kwa sababu biro yake ilimkatalia. Na ikiwa hana haki ya kuwa mjini, kwa nini alikuwa huru uani nyuma ya soko akitengeneza miungu? Lakini ikiwa ruhusa yake ni nzima, basi hakuna lolote: mwanamke wa Lukafu amefinyanga sanamu ya Mhindi, polisi amechoka na jua.

Akachukua muhuri. Akaongeza muda hadi hospitali itakapomaliza kumtibu, akaandika tarehe ya siku iliyotangulia, akapuliza wino.

"Ondoa hii takataka juu ya meza yangu," akasema, na hakuwa anamtazama karani bali mungu.

Tulifika mtoni jua likiwa bado juu. Mto wa Lubumbashi mwisho wa kiangazi si kitu cha kujivunia. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Patron akamlaza mungu humo, akangoja ayeyuke. Hakuyeyuka. Udongo wa kichuguu uliokandwa na mfinyanzi wa Lukafu haukutengenezwa kwa ajili ya kushindwa na maji kidogo. Mama akavua viatu, akaingia, akapiga magoti, akaanza kumkanda mkonga, tumbo, panya, taratibu, mpaka maji yakawa mekundu. Patron na mkewe waliimba maneno ya kumwomba arudi mapema mwaka ujao.

"Kwetu mutu mwenye banatosha ku mji, habamwambie arudi," mama akaniambia. Kisha naye akainama juu ya maji. "Rudia, Papa. Lakini ukuye na buku."

Zamu yake ilifika. Jicho la kulia lilifunguliwa, na akaona: kwanza sahani, kama alivyotaka, kisha mimi, akasema nimekonda na ni kosa la mke wangu.

Mwaka uliofuata patron alimletea udongo mwenyewe, na ruhusa aliyomwombea kwa heshima zote. Mkono wa mkewe ulikuwa umepona, lakini hakuna aliyeutaja. Patron alikaa juu ya sanduku lake, akaeleza polepole, akionyesha kwa kidole, kwamba kushoto maana yake ni kushoto kwa mungu, si kwa Mama. Mama akasema amesikia. Akafinyanga, akasimama, akarudi nyuma hatua chache ili aitazame kazi nzima kwa jicho lake, akarudi kukaa, na mbele yetu sote akaupinda mkonga kulia.

"Mama," patron akasema, "huyo ni yule mkali."

"Naona," mama akasema. "Yule mupole hatumujui kazi yake."