Sufi ya Upande wa Baba

Baba yangu alipostaafu serikalini, wenzake walinunua boti za kuvulia au wakajitia kwenye biashara ya viwanja. Yeye alitangaza vita na panya. Na panya wenyewe hawakuwa hata wa mtaani kwetu, Azaiba. Walikuwa wa shamba dogo la mitende alilorithi kwa babu, nje ya mji kuelekea milimani, mahali ambapo ukishuka tu kwenye gari jua linakukaa utosini. Tende zikivunwa huanikwa uani juu ya mikeka, na panya wa huko hawana haya. Hutoka mchana kweupe, wakachagua zilizoiva vizuri, mbovu wakawaachia wenye shamba.

Sumu baba aliikataa kwa sababu ya paka wa jirani. Mitego aliitega, mmoja ukamnasa yeye mwenyewe kidole gumba. Basi akaitoa bunduki ya marehemu babu, yenye kibali chake na karatasi zake zote, akakaa kwenye kiti cha plastiki kibandani, na mimi, binti yake na dereva wake wa kila Ijumaa, nikasimama nyuma yake nimeziba masikio. Alipiga. Risasi ilimkosa panya, ikapasua pakacha la tende, ikatoboa ukuta wa udongo, ikaenda kuishia kwenye tangi la maji la jirani. Bahati nzuri haikumgusa mtu. Jirani, mzee wa Kiarabu mpole sana, alitokea na kanzu imemganda mwilini kwa maji. Hakutukana. Alimuuliza baba kwa upole panya wetu wana ukubwa gani.

Wiki ile ile baba alimpelekea tangi jipya, na akaanza kuijenga hoja yake.

"Risasi zile ni za vita," aliniambia. "Mimi nataka risasi yenye adabu. Ifike kwa panya, isimame."

Risasi ya namna hiyo haiuzwi, kwa hiyo akaamua kuishindilia mwenyewe. Alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Unachukua ganda tupu, chini unatia fataki ya kuwashia, ndani unatia baruti, juu unakaza kichwa cha risasi. Ukitaka iwe pole, unapunguza baruti. Hapo ndipo penye kazi, maana baruti ikiwa kidogo inacheza ndani ya ganda kama mchele kiganja kimoja ndani ya debe. Fataki inawaka, baruti iko pembeni, na hujui kitatokea nini. Lazima kiwepo kitu chepesi cha kuishikilia baruti mahali pake.

Mashine yake ya mkono aliifunga kwenye meza ya mama iliyoko stoo ya jikoni, ile ya kusukumia manda za sambusa. Mama alisimama mlangoni akaitazama.

"Mie sina neno," alisema. "Lakini Ramadhani ikikaribia meza yangu naitaka. Nna kazi nayo."

Akaanza kujaribu. Karatasi za chooni zilitoka kwenye mtutu zikiwaka moto, nikakimbia na ndoo kuzima makuti. Pamba ya dukani ilifanya donge, na risasi ikakwama katikati ya mtutu. Panya aliyekuwa amelengwa alimtazama baba kidogo, akaendelea kula. Baba alishinda alasiri nzima akiigonga risasi itoke kwa ufito wa shaba, na mimi nikashinda alasiri nzima nikimwambia kwamba duniani kuna kitu kinaitwa paka.

Kisha mzee mmoja huko anakokwenda kupima shabaha akamwambia kwamba kitu pekee kinachofaa ni sufi. Nyepesi, haifanyi donge, na inashikilia baruti bila kuikandamiza. Nikampeleka mjini, mtaa wa Ruwi, kwa mafundi wa makochi. Tulizunguka maduka yote. Katika la mwisho fundi alimsikiliza baba mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka amekumbatia sponji kubwa kuliko yeye.

"Sufi hakuna, arbab, bwana mkubwa. Hii bora. Laini sana."

Baba alimwelezea tena, safari hii kwa mikono, mti, tunda linapasuka, nyeupe inatoka. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma, akatuletea sponji ya rangi nyingine. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na baba njia nzima alikuwa kimya. Nilidhani amekata tamaa. Ningemjua vizuri baba yangu, kimya kile kingenitia hofu.

Ijumaa iliyofuata bunduki ilitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayefunga mlango kwa hasira ndani ya nyumba ya jirani, na panya akalala palepale. Ukuta mzima, tangi zima. Baba aliinuka akacheza kidogo, mtu mzima na ndevu zake. Nikafurahi naye. Nilipokuwa namfuta vumbi begani nikaona kwenye kola ya kanzu yake kuna kijiuzi cheupe, chepesi, kinang'aa kama hariri. Nikakishika. Nikajua kimetoka wapi.

Mama ana mto mmoja mrefu, wa upana wa kitanda kizima, ambao yeye na baba wameulalia tangu siku ya harusi yao. Sufi yake ilitoka kwenye msufi wa uani kwa bibi yangu, Unguja. Bibi aliichambua kwa mkono wake, akaitoa mbegu moja moja, akaujaza mto, akaushona, akampa binti yake avuke nao bahari kuja huku. Hawakuonana tena. Bibi alifariki mama akiwa na mimba yangu, msufi ukakatwa watu wakajenga. Tulipohama Ruwi kuja Azaiba mama aliubeba mto mapajani na vyombo vya kaure akawaachia wapakiaji. Alipolazwa hospitali alikwenda nao, na wauguzi walihangaika kuufanya ukae kwenye kile kitanda chembamba. Kwa mama, ule haukuwa mto tu. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho kilichopita mikononi mwa mama yake.

"Baba," nilimwambia ndani ya gari, "umeuchokoa mto."

Aliangalia nje ya dirisha. "Kidogo."

"Baba!"

"Upande wangu tu. Wallahi upande wake sijaugusa. Sufi ya upande wangu si yangu?"

Nilikasirika mpaka nikapita njia ya kwetu. Nilimwambia amwambie mama siku hiyo hiyo. Akasema atamwambia, akitafuta wakati mzuri. Mwanamume akisema anatafuta wakati mzuri, ujue ameshaamua kufa na siri.

Mambo yakaendelea hivyo miezi. Panya walianguka wawili, na wa tatu akapoteza mkia. Nyumbani mama akaanza kulalamika shingo. Sufi ya upande wake, bila ya kumwomba mtu ruhusa, ilikuwa inahamia upande ule mtupu. Alikwenda kupimwa presha. Daktari akamwambia abadilishe mto, naye akatoka pale akisema daktari yule mtoto mdogo, hajui kitu. Baba, ambaye kwa wakati huo alikuwa analala kichwa kimegusa godoro, akatoa rai kwamba labda ni umri. Mama hakusema naye siku mbili.

Kisha mwezi wa Shaabani ukaingia, na mama akatangaza jambo ambalo mimi na baba tulikuwa tumelisahau kabisa. Kila mwaka kabla ya mfungo huufumua mto, akaimwaga sufi darini kwenye mkeka mpya, akaichambua na kuianika jua. Ndivyo alivyofundishwa kwao.

"Kesho asubuhi," alisema. "Upepo umetulia."

Baba aliacha chai yake nusu. Nilimfuata stoo nikamkuta amekaa mbele ya mashine, ameziweka risasi zote zilizobaki mbele yake, anazifumua. Alikuwa na kinyundo maalumu. Unatia risasi ndani yake, unagonga mezani, kichwa kinachomoka, baruti inamwagika, halafu unaingiza kibano kwenye ganda unavuta sufi kitone kwa kitone. Kila tonge alilipuliza kwa bidii, kama anamponya mtoto.

"Itatosha?" nilimuuliza.

Aliitazama ile chungu. Ingeweza kuingia ndani ya kofia yake.

"Usinisemeshe," alisema. "Napoteza hesabu."

Mama alipokwenda kuoga, baba aliupasua mshono wa upande wake, akairudisha ile sufi ndani, akajaribu kushona. Mishono yake ilikuwa kama kovu la kuangukia baiskeli.

Asubuhi tukapanda darini. Mama alijifunga kanga puani, akaketi, akaanza na upande wake. Sufi ilitoka nyeupe na laini, ikatanda mkekani, na mama akawa anaisemesha kwa sauti ndogo kama anavyofanya kila mwaka. Kisha akaufikia upande wa pili. Aliutazama ule mshono. Akaufumua, akatia mkono, akatoa vidonge. Vilikuwa vidonge hasa, vya mviringo, virefu kama kidole cha mtoto, vyote umbo moja, na vina punje nyeusi nyeusi. Akakinusa kimoja.

Baba alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi, mguu mmoja ndani.

"Bwana," mama alisema. "Hii nini?"

"Sufi."

"Naona sufi. Nauliza imepata wapi umbo."

Baba alikuna ndevu. Akaniangalia mimi. Nikaangalia antena ya jirani.

"Nilichukua upande wangu," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya risasi. Za panya."

"Na hizi nyeusi?"

"Baruti. Nimeipuliza."

"Umeipuliza." Mama alikiweka kile kidonge mkekani taratibu. "Alhamdulillahi. Unanilaza na baruti, lakini umeipuliza." Akatia mkono tena ndani ya mto, akaupeleka mpaka mwisho, ukatoka mtupu. "Na iliyobaki iko wapi?"

"Shambani."

Nilicheka. Sikukusudia, ilinitoka tu, na mara nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa analia. Mama yangu si mtu wa machozi. Hata kwenye misiba yeye ndiye anayewagawia wengine maji. Lakini alikaa pale na kile kitambaa kitupu mapajani, machozi yakiingia ndani ya kanga, akasema maneno machache tu. "Mama alikuwa na baridi yabisi ya vidole. Aliichambua hivyo hivyo."

Nilimchukia baba wakati ule. Nasema kama nilivyohisi. Nilitamani ateremke ngazi, aondoke machoni petu.

Hakuteremka. Alivua viatu, akaja, akakaa mkekani, magoti yakimlia. Akachukua kidonge kimoja akaanza kukifungua. Alikivuta kikakatika.

"Usivute," mama alisema bila ya kumtazama. "Fungua. Kidole gumba ndicho kinachofanya kazi."

Alimshika mkono akamwonyesha. Baba akajaribu tena. Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, yeye akifungua vidonge na kuokota punje za baruti moja moja kwa miwani yake ya kusomea, mama akichambua upande wake, mimi nikishikilia shuka wakati upepo ulipotaka kutuibia kilichobaki.

Ilipokauka, mama aliikusanya yote. Ilikuwa kidogo kwa ule mto mrefu, mtu yeyote angeliona hilo. Akachukua mkasi akakikata kitambaa, akashona kimto kifupi cha kichwa kimoja, akakijaza kikajaa vizuri.

"Upande wako ushaupiga risasi," alimwambia. "Huu wangu."

"Na mimi nilalie nini?"

"Waulize panya."

Mashine baba aliifungua mezani siku ile ile, ingawa Ramadhani ilikuwa bado. Bunduki imerudi kabatini, na panya wa shambani sasa wanakula tende kwa raha zao. Nilimnunulia mto wa sponji, mkubwa, mzuri, wa duka la maana, akanishukuru kwa sauti ya mtu anayepokea mkono wa pole.

Kama wiki moja baadaye niliingia kuwabadilishia mashuka. Mto wa sponji ulikuwa juu ya kabati, bado ndani ya nailoni yake. Kile kimto kilikuwa katikati ya kitanda, kimebonyea mahali pawili. Nikageuka, mama alikuwa mlangoni ameshika foronya safi mkononi, moja tu.

"Sponji inamtoa jasho, masikini," alisema, akanipa foronya ile.