Vigae vya Marehemu Baba

Tangu Baba Neema, jirani yangu hapa Heru Juu, aezeke nyumba yake kwa bati jekundu la msauzi, lile la kisasa, sijapata usingizi mzuri. Siku hizi bodaboda wanaelekeza wageni, "Ukiliona lile bati jekundu, umefika." Nyumba yangu iko palepale, ina vigae vya udongo alivyoezekea marehemu baba, na hakuna anayeitaja.

Basi wivu ukanipa mdomo. Kila niliyekutana naye nilimwambia kigae ndicho chenye heshima: jua likiwaka, ndani kuna ubaridi, mvua ikinyesha, mnaongea kama watu. Bati? Mchana tanuri, mvua ikija ngoma.

Jumapili Baba Neema akatualika kubariki nyumba. Nikayarudia yaleyale mbele ya mchungaji. Sijamaliza, mvua ikashuka. Bati likanguruma hadi mchungaji akaacha kuomba. Nikawatazama wenzangu kama mshindi wa kesi.

Kisha nikatazama juu. Hakuna hata tone lililopenya. Roho ikaniuma. Nikamwinamia mke wangu sikioni, nikapaza sauti anisikie:

"Mama Yohana, tuuze hata mbuzi tupate bati kama hili! Vigae vinavuja mpaka kitandani, na sufuria niliyoazima kwa Mama Neema ndiyo inakinga maji!"

Mvua za huku hukatika ghafla. Nilipofika kwenye neno "vigae", mvua ilikuwa imeshakatika.

Mama Neema, aliyekuwa akipakua maharage, akaweka upawa chini.

"Shemeji," akasema, "si uliniambia sufuria yangu imetoboka?"