Kisanduku cha Desanka

Miaka kumi na minane Desanka Stamenković aliunga waya katika kiwanda cha redio mjini Niš. Kiwanda kilipofungwa hakukaa kulia na wenzake. Alijifunza kuunga nyuzi za kioo, zile nyembamba kama unywele, zinazobeba simu na intaneti kwa mwanga, akaajiriwa na kampuni ya simu. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na mikono.

Chuo kikuu kilipotaka kutupa kifaa kibovu cha kubadili rangi ya mwanga, yeye alikiomba. Majira mawili ya baridi alikitengeneza mezani jikoni, kati ya mitungi ya achari ya pilipili.

"Shangazi Desa, bado unapaka rangi?" mafundi vijana wa kampuni walimtania.

"Nyinyi kunyweni kahawa yenu, wanangu."

Mwezi wa Machi mwamba uliporomoka, ukakata kebo ya mji wa Pirot. Hospitali ya huko ilikuwa ikituma picha za vichwa vya wagonjwa kwa madaktari wa Niš. Asubuhi ile zikakoma. Njia ya kupitia mji wa Knjaževac ilikuwepo, ila rangi ya mwanga wa Pirot ilikuwa tayari inatumika humo, na katika uzi mmoja rangi moja haibebi habari mbili.

"Tusubiri kebo. Siku mbili," alisema mhandisi Vukašin, mkuu wao.

"Aliyepasuka mshipa kichwani naye atasubiri, bosi?" Desanka akaweka mezani kisanduku chake, kile kifaa cha kubadili rangi.

Vukašin akakitazama kisanduku. "Umekijaribu wapi hicho?"

"Nyumbani."

"Kikishindwa, jina langu litachafuka."

"Na langu. Nipe gari."

Saa tano alikuwa Knjaževac. Alipokiwasha kisanduku, kipimo kilionyesha makosa chungu nzima. Hakupapatika. Aliifuta ncha ya uzi, akaichungulia kwa hadubini, akairudisha. Akashusha joto la kifaa digrii moja, kisha nusu. Makosa yakapungua, yakapungua, yakaisha. Mwanga uliingia na rangi yake ukatoka na nyingine, habari ile ile.

Simu ikalia. "Picha zinafika," alisema daktari wa Pirot. "Mmefanyaje?"

"Tumeubadilisha mwanga nguo tu."

Akaketi juu ya sanduku la zana, akacheka peke yake.

Kebo iliungwa siku ya tatu. Vukašin aliisoma ripoti mbele ya mafundi wote: kazi yote ni ya Stamenković. Vijana wakasimama kwa heshima.

Mwezi uliofuata chuo kikuu kilimwalika awafundishe wanafunzi. Alikwenda na koti lake la bluu la kazi. Profesa mmoja akamuuliza alisomea wapi.

"Kiwandani," akasema, bila kuinamisha macho, akaanza somo.