Simu ya Kituo cha Juu

Walimwita Fyuzi, na msidhani lilikuwa jina la mapenzi. Mtu haguswi. Umuulize jambo moja mara mbili, ameshawaka. Uingie chumba cha mitambo na viatu vya tope, ameshawaka. Umwambie apunguze hasira, hapo ndipo utakapoijua rangi yake. Mafundi waliopita kukagua nguzo walikuwa wakisukumana mlangoni nani atangulie. Lakini wote walikubali kwamba kazi yake aliijua, na kwamba katika kituo kile cha umeme mlimani hakuna mwingine ambaye angevumilia kukaa.

Kituo chenyewe kilikuwa uzio wa waya, kokoto, transfoma zinazounguruma kutwa kucha, na chumba kimoja chenye paneli ya taa nyekundu na kijani, meza ya mbao na simu. Nyuma yake kulikuwa na kijumba cha shirika. Humo Fyuzi alilala, akapika, akafua, akazeeka. Umeme ulimfikia kutoka mabwawani, naye akaupitisha kwenda kituo kingine mbali huko bondeni, ambacho kiliugawa mjini na vijijini. Kituo chake kiliitwa Juu. Kile cha bondeni kiliitwa Chini. Waliovipa majina hayo hawakujichosha.

Dada yake mkubwa, aliyeishi mjini na wajukuu zake, alimpigia mara kwa mara kumsema. Alidai kwamba mdogo wake ameoa transfoma, na ipo siku hiyo transfoma itampa talaka. Fyuzi alicheka puani, akajibu kwamba nyumba isiyo na makelele ya watu ndiyo anayoipenda. Uongo mtupu. Upweke ulikuwa umemkaba. Jioni alipomkabidhi kazi mwenzake wa zamu ya usiku, ambaye alikuja na redio yake na hakuwa mtu wa stori, Fyuzi alikaa kitandani na viatu miguuni, hana pa kwenda wala wa kumwambia kwamba hana pa kwenda.

Kilichomfanya aamke na kunyoa ndevu kila siku ni ile simu ya mezani. Haikuwa na namba za kubonyeza. Uliinua mkonga wake, ikaita mahali pamoja tu duniani: Chini. Na mchana, aliyepokea huko Chini alikuwa mwanamke.

Zamani waliongea. Si mambo makubwa. Mvua imefika kwenu? Imefika, mpaka jikoni. Mara moja, radi ilipopiga laini na wote wawili wakawa wanasubiri mafundi, mwanamke huyo alimwambia kwamba ni mjane na ana mtoto mmoja wa kiume, na kwamba tangu mume afariki hupika chakula kingi kupita kiasi kwa sababu mkono haujajifunza. Fyuzi alitaka kumwambia kwamba hata yeye angekila. Akameza mate, akasema radi zimezidi mwaka huu. Mtu mzima na ndevu zake! Jina lake hakuliuliza. Kwenye simu ile watu waliitana kwa vituo, ili mmoja asije akadhaniwa mwingine. Isitoshe, Fyuzi alijua kwamba kesho ataongea naye tena, kwa hiyo haraka ya nini?

Halafu fundi mmoja akaungua. Si kwao, ni kwenye laini nyingine kabisa. Waendeshaji wawili walikuwa wanapiga soga kwenye simu, agizo likasikika nusu, laini ikawashwa na mtu yuko juu ya nguzo. Alipona, lakini mikono yake haikurudi kuwa mikono. Mamlaka ya serikali ya kudhibiti umeme ikaja juu. Tangu siku hiyo simu zote za vituo zilirekodiwa, na maneno yakawa ya kazi tu. Mwenye agizo analisema. Mpokeaji analirudia neno kwa neno. Mwenye agizo anasema "Sahihi" na kukata simu papo hapo, ili mwenzake aende akafanye kazi bila kuongezewa neno. Mpokeaji akishamaliza kazi, anapiga yeye na kusema "Tayari." Atakayeongeza lake atajieleza mbele ya mamlaka.

Fyuzi hakulalamika. Alikuwa ameiona picha ya ile mikono. Alizishika kanuni hizo kama alivyozishika zote, kwa meno, na soga zikafa. Miaka ikapita hivyo, mwanamke na mwanamume wakiambiana zima, washa, narudia, sahihi, tayari.

Lakini sauti haikatazwi. Yule mama akiwa na mafua, Fyuzi alijua. Akiwa amelia, alijua, na siku hiyo hata chai haikumshuka. Kulikuwa na asubuhi ambazo ile "Tayari" ilikuja polepole, ikaachwa hewani kidogo kabla simu haijakatwa, na asubuhi kama hizo zilimtosha wiki nzima. Alikuwa amempenda, nini cha kuficha? Alimpenda, na hakuna aliyejua, pengine hata mwenyewe hakujua sawasawa mpaka serikali ilipokuja na mpango wake.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tuseme haki. Watu walikuwa wamechoka na giza. Laini moja ikianguka, mji mzima ulilala na mishumaa mpaka Fyuzi avuke kokoto, azungushe mpini, apige simu, arudiwe, asubiri. Sheria mpya ikapitishwa, mamlaka ikayapa mashirika muda wa mwisho, mitambo ya kisasa ikanunuliwa. Vituo vyote vingeendeshwa kutoka ukumbi mmoja makao makuu, ambako kijana mbele ya skrini angegusa kwa kidole na laini ikazima au kuwaka. Huko kwenye vituo milango ingefungwa kufuli, abaki mlinzi tu. Fyuzi akaambiwa atahamishiwa ghala la mita, mjini. Alikubali bila kuwaka, na mafundi wakaangaliana wakidhani anaumwa.

Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi. Simu ile ingeng'olewa. Baada ya hapo asingekuwa na njia yoyote ya kumpata yule mama, maana hakumjua jina, sura wala nyumba.

Akamwambia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na alilisema kwa ukali kana kwamba ni dada aliyekosea. Dada alishusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mdogo wangu," alisema, "miaka yote hii unaongea na mwanamke, hata jina lake hujui?"

Fyuzi alihamishia simu sikio la pili.

"Basi muulize atakuwa wapi. Waache warekodi. Watakufanya nini, wakufukuze? Si wanakuondoa hata hivyo?"

Siku ya makabidhiano Fyuzi alivaa shati la harusi za watu. Mhandisi alikuja na kompyuta yake na fundi mmoja. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyefuta viatu mlangoni bila kuambiwa, na Fyuzi akakosa hata sababu ya kumchukia. Kazi ilipangwa hivi: Juu angetoa agizo la mwisho, Chini angebadilisha swichi ili laini iingie mikononi mwa makao makuu, angepiga kusema tayari, kisha fundi angekata waya wa simu. Mhandisi alieleza yote taratibu, akimwita mzee kila baada ya sentensi.

Fyuzi akatoa agizo. Likarudiwa. Akasema sahihi, akakata. Wakasubiri watatu wote, transfoma zikiunguruma huko nje. Simu ikaita, naye akainua.

"Tayari," ilisema ile sauti. Siku hiyo ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo angekata. Hakukata. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

"Chini," alisema, "baada ya leo utakuwa wapi?"

Mhandisi aliinua macho, kisha kwa heshima akayarudisha kwenye kompyuta. Halafu sauti ikaja, inatetemeka, na ikafanya kile ambacho miaka yote imefundishwa kufanya kabla ya jambo lolote zito.

"Narudia. Juu anauliza, baada ya leo, Chini atakuwa wapi."

"Sahihi," alisema Fyuzi, na akakata simu.

Jamani! Msimcheke. Mkono wake ulikuwa umelifanya jambo hilo mara zisizohesabika, na haukumuuliza mwenyewe. Tena hakushtuka hata kidogo. Alibaki amesimama anatabasamu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona anatabasamu, kwa sababu kwake mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Ameuliza, amerudiwa, amethibitisha. Sasa mwenzake atapiga na jibu. Ndivyo simu ile ilivyofanya kazi siku zote.

Mhandisi alisikia "Sahihi," akaona simu imekatwa, akajua kazi imekwisha. Alimpa fundi ishara kwa kichwa. Koleo likabana waya, na taa ndogo kwenye simu ikazimika.

Fyuzi aliendelea kusubiri. Wenzake walikusanya vyombo vyao, wakafungua skrubu, wakakunja nyaya, yeye akiwa bado ameitazama ile meza. Ilipomwingia akilini kwamba simu hiyo haitaita tena, alikaa. Wote wawili walijiandaa kuwakiwa, lakini aliuliza tu, kwa sauti ambayo hawakuijua, kama waya unaweza kurudishwa kidogo. Mhandisi aliona uso wake akaona haya. Alitoa simu yake ya mkononi, akampigia mwenzake aliyekuwa Chini. Mwenzake alisema wameshafunga, wako njiani, na yule mama ameondoka. Jina lake? Hakuuliza. Nani angemlaumu? Hata Fyuzi hakuuliza miaka yote.

Akahamia kwa dada yake. Ghalani alipanga mita kwenye rafu pamoja na vijana waliovaa spika masikioni, na kwa kuwa hakuna aliyemsikia, hakukuwa na sababu ya kuwaka. Makao makuu alikouliza, binti wa mapokezi alimwambia kwa upole kwamba waliokuwa vituoni wametawanywa, wengine wamestaafu, na kwa kuwa orodha za vituo zimefutwa, bila jina hawezi kumtafuta mtu. Wajukuu wa dada walimpenda. Usiku taa hazikukatika tena, na mji mzima ulishukuru. Fyuzi alikaa chini ya taa hizo akajiona ndiye mtu pekee aliyebaki gizani.

Alipopata siku ya mapumziko alishuka bondeni. Alikuta uzio kama wake, kokoto kama zake, kufuli jipya, na mlinzi wa makamo aliyekaa kwenye benchi kivulini akila mhogo. Fyuzi alimsalimia, akamuuliza kama alimjua mwendeshaji wa mchana, yule mama.

Mlinzi alisema anamjua, ila si kwa jina. Walimwita Mama tu. Mwanawe alikuja na gari siku ile ile ya kufunga, wakapakia vitu, wakaondoka. Wapi, hakuambiwa. Lakini kuna jambo lilimshangaza, alisema, akauweka mhogo pembeni. Siku hiyo mafundi walishindwa kumtoa Mama ndani. Simu ilikuwa imeshakatwa, naye ameishikilia sikioni, anaitikisa, anaweka, anainua, anaita "Juu, Juu." Walimwambia, Mama, hiyo imekufa. Aliwajibu kwamba kuna mtu anasubiri jibu lake. Mwanawe alipiga honi huko nje mpaka majirani wakatoka. Mwishowe mafundi walimshika mkono, wakamtoa taratibu, na alipanda gari akilia.

"Sijaelewa mpaka leo," alisema mlinzi. "Wewe ni nani wake?"

Fyuzi alitafuta neno. Ndugu? Hapana. Mume? Hapana. Hata rafiki lilikuwa neno kubwa kwa mtu asiyejua jina la mwenzake.

"Mimi," alisema, "ndiye niliyemkatia simu."

Mlinzi alimtazama, akasogea kwenye benchi, akampisha akae.