Rubisi ya Waliobeba Machela

Shangazi yangu Placidia wa Kimuli hajui kusema asante kwa mdomo. Mdomo wake uliumbiwa kazi nyingine, nami nimeurithi. Asante yake ni rubisi, pombe ya ndizi. Kwa hiyo masika yalipomkuta amevunjika mguu, barabara imegeuka uji, na wanaume wa kitongoji wakambeba kwa machela mlima mzima hadi mahali gari linapofika, sote tulijua kitakachofuata akisimama tena.

Tatizo lilikuwa mtumbwi. Naam, mtumbwi, wala hapa hakuna ziwa: ni gogo lililochongwa, aliloachiwa na marehemu mumewe, la kukamulia ndizi na kuchachushia pombe. Tangu augue lilikuwa limelala nyuma ya nyumba. Kuku walishatagia humo, na kona moja iliota ukungu wa kijani.

"Gaspari alikamulia kwenye uchafu wa namna hii," alisema akiegemea fimbo. "Harusi ya bintiye watu wakanywa siki. Mpaka leo wanakunja uso wakipita kwake."

"Shangazi, si tununue soda tu?"

"Nilibebwa na wanaume. Sikubebwa na watoto wa kipaimara."

Basi nikasugua. Majivu, maji ya moto, nyuzi za mgomba, mpaka kwenye nyufa. Nilipotaja sabuni ya unga, maana diploma yangu ya maabara iliyokatikia njiani bado hunitekenya, akanikata: "Mti unakunywa. Ukiunywesha sabuni, utaitapika kwenye pombe." Mtumbwi ukaanikwa kifudifudi juani, kisha tukachoma nyasi kavu ndani yake, tukiusogeza moto huku na huku hadi ukanukia moshi mtupu. Madumu tukayatikisa kwa kokoto na maji ya moto. Mwisho ikaja miguu yangu, maana ndimi mkanyagaji. Siku ya ubatizo wangu sikusuguliwa vile.

Ndizi zilipoiva nikakanyaga, na majirani wakaja. Kwetu apitaye watu wakikamua hanyimwi mramba, ile juisi tamu kabla haijachacha. Ukimnyima, utasemwa hadi msibani kwako. Shangazi alikuwa ameutenga mramba wa wageni kwenye chungu, na kata yake safi. Wote wakachota humo.

Kasoro Kahigi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya machela. Mlimani aliteleza, akapiga magoti kwenye matope badala ya kumwachia shangazi aanguke. Alikuja na kibuyu chake, ambacho harufu yake ilifika kabla yake, akainama moja kwa moja kwenye mtumbwi.

"Kahigi, usichovye!"

Watu wakageuka kumtazama shangazi.

"Shemeji, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kibuyu kina siki hicho. Kikigusa tu, pombe yote imekwenda. Chota chunguni."

"Nimekubeba mlima mzima, leo kibuyu changu kinanuka?"

"Kinanuka."

Akaondoka bila kuonja.

Tulichanganya mtama uliokaangwa, tukafunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa. Shangazi akakaa kimya, jambo la kutisha kuliko ukungu.

"Ungemwacha tu," nikasema.

"Ningemwacha, angekuja kunywa siki mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo iwe asante yangu?"

Akanituma nikamsalimie. Mkewe, Adventina, alisema baba yuko shambani. Viatu vyake vya mpira vilikuwa mlangoni, na kikohozi chake kilikuwa ndani.

Siku ya kufungua, baada ya misa, shangazi aliinua jani, akasikiliza povu, akaonja. "Imeiva." Wabebaji wakakaa. Yeye hakumimina.

"Mama Placidia, tuna kiu!"

"Mliponibeba, aliyetangulia alikuwa nani?"

Wakageukia njia ya kwa Kahigi. Hapo ndipo Kahigi alipotokea kwenye migomba, amevaa koti la kanisani, kibuyu kimetundikwa juu ya fimbo mdomo chini. Hakusalimia mtu. Alienda hadi kwa shangazi, akamwekea mdomo wa kibuyu puani.

"Nusa."

Akanusa kwa muda mrefu. "Moshi."

"Na kokoto. Nimekitikisa mpaka Adventina akauliza ngoma ni ya nani."

"Kilitoka nini?"

"Usiulize, shemeji. Kingine kilikuwa na miguu."

Uwanja ukaangua kicheko. Shangazi akakijaza kibuyu cha Kahigi kwanza, hadi povu likamwagikia mkononi mwake, na hakusema asante. Mimi naisema hapa kwa niaba yake: nilikuwa mbali siku ya mlima, na bila mabega yale ningekuja Kimuli kuzika, si kukanyaga ndizi.

Kahigi akanywa, akafuta mdomo.

"Vipi?" shangazi akauliza, sauti imepungua.

"Inanuka," akasema, akanyoosha kibuyu aongezewe.